Taarifa za magonjwa kwa barua pepe: vituo vya mbali vinazisoma kweli?

Mratibu_Ufuatiliaji aliuliza:

Wakuu, habari za majukumu. Kuna jambo linaninyima raha, na naamini humu wapo waliolipitia.

Niko kitengo cha ufuatiliaji wa magonjwa. Kazi yangu ni kuandaa taarifa ya kila wiki na kuituma kwa barua pepe kwenye vituo vya afya na zahanati zilizo chini yetu. Nyingi ziko mbali, mtandao unakuja na kuondoka, umeme nao vivyo hivyo. Taarifa yenyewe nimeikuta na utaratibu wake: faili la PDF lenye nembo juu, picha ya jalada, salamu za uongozi, majedwali ya rangi, halafu ukifika ukurasa wa nne ndipo unakuta kwamba wagonjwa wa surua wameonekana upande fulani na vituo vikae tayari. Kwenye barua yenyewe kuna sentensi moja tu: "Tafadhali pokea kiambatisho kwa hatua zako."

Nimeanza kupiga simu vituoni kuuliza kama wanaiona. Wengine wanasema imegoma kufunguka. Wengine hawajui kama wamo kwenye orodha. Mhudumu mmoja aliniambia watoto wenye surua alishawapokea, wakakaa benchi moja na watoto wengine waliokuja kupimwa uzito, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae chonjo. Taarifa ilikuwa imelala kwenye kikasha cha kituo chake tangu wiki iliyotangulia. Kwa ugonjwa ambao virusi vyake hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, hilo si jambo dogo.

Sasa ofisini kuna hoja kwamba tuachane na barua pepe, kila kitu kiende kwenye kundi la WhatsApp. Naelewa mantiki yake: simu ndiyo iliyo mkononi. Ila nimeona mwongozo wa dozi ukizunguka kwenye makundi hayo ukiwa picha iliyokatwa juu. Tarehe haipo, aliyeutoa hajulikani, na watu wanautumia kwa wagonjwa. Hilo linanitisha kuliko faili lisilofunguka.

Naomba uzoefu wenu. Barua pepe bado ina nafasi? Kama ipo, iandikweje ili mtu mwenye simu ndogo na mtandao wa kubahatisha aisome na kuifanyia kazi? Na tetesi tuzifanyeje: kituo kikisikia jambo ambalo halijathibitishwa, tuwaambie wengine au tulikalie mpaka majibu ya maabara?

Muuguzi_wa_Zamu alijibu:

Kaka Mratibu, shukrani kwa kutukumbuka sisi wa upande wa kupokea, maana mara nyingi tunatumiwa tu bila kuulizwa.

Nikueleze barua yako inavyonifikia. Anwani ya kituo ilifunguliwa na mfawidhi aliyetangulia, nywila alikuwa nayo yeye, akahama nayo. Barua zikawa zinaendelea kwenda kwa mtu ambaye hayupo tena. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama watu wanasoma, uliza kwanza kama anwani ni ya mtu au ya kituo, na kama waliopo zamu leo wanaweza kuifungua. Sisi sasa nywila iko kwenye bahasha ndani ya kabati la dawa zinazofungiwa, na anayehama anaibadilisha mbele ya anayebaki.

Barua naisomea kwenye simu yangu mwenyewe, kwa bando langu, zamu ikitulia. Kioo kinanionyesha jina la mtumaji, kichwa cha barua na maneno machache ya mwanzo. Hapo ndipo ninapoamua. Nikikuta "TAARIFA YA WIKI YA 23" na chini yake "Ndugu, husika na kichwa cha habari hapo juu", naiacha mpaka kesho, na kesho kuna foleni. Nikikuta "SURUA: mtoto mwenye homa na vipele atengwe tangu mapokezi", naifungua nikiwa nimesimama.

Kiambatisho ndiyo adha kubwa. Kinashuka kinafika karibu na mwisho, mtandao unakata, kinaanza upya, na bando limeshaliwa. Ukiniandikia maneno yale yale ndani ya barua yanaingia mara moja, na nikishayapata nayasoma hata mtandao ukiwa umeondoka.

Halafu tarehe. Hapo umegusa penyewe. Ukutani kwenye chumba cha kurudishia maji mwilini kuna karatasi za maelekezo za nyakati tofauti, nyingine hazina mwaka. Chukua ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji ya kunywa: mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walibadilisha mchanganyiko, sodiamu, yaani chumvi yake, ikashushwa kutoka milimoli 90 hadi 75 kwa lita. Karatasi ya zamani ikifowadiwa leo bila mwaka, muuguzi mgeni atajuaje ipi ni ipi? Barua pepe ina tarehe na jina la mtumaji, na hata baada ya miezi naandika neno "zinki" kwenye sehemu ya kutafuta, inatokea. Kwenye kundi ningekuwa nashuka na kushuka katikati ya salamu za asubuhi na picha za harusi.

Mimi nasema ibaki. Ila mtu akijibu, kuwe na binadamu upande wa pili. Barua nyingi zinazotufikia zinaishia na "usijibu ujumbe huu", wakati sisi ndio tunaomwona mgonjwa wa kwanza.

Mzee_wa_Modemu alijibu:

Mwanangu Mratibu, binti yangu Muuguzi, nawasalimu. Niliingia kwenye kazi hizi enzi za modemu, barua za afya zikipita kwenye laini ya simu ya mezani usiku kwa sababu ndipo laini ilipokuwa na nafasi. Niseme kidogo ya huko, kwa kuwa swali lako lilishapata majibu kwa vitendo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 daktari wa moyo wa Marekani, Bernard Lown, alianzisha shirika la SatelLife. Ni yule yule ambaye, pamoja na Yevgeny Chazov wa Umoja wa Kisovieti, aliasisi chama cha madaktari wa kupinga vita vya nyuklia kilichopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1985. Alitaka teknolojia ya anga za juu imfikie daktari aliye peke yake, ambaye jarida la tiba linamfikia likiwa limechelewa mwaka, au halimfikii kabisa. Satelaiti ndogo ilizunguka chini chini na kupita juu ya kila kituo mara chache kwa siku. Ikipita, kituo kinaipakia barua zake na kushusha zilizokuja. Inaendelea na safari, inazishusha kwingine. HealthSat-2 ilirushwa mwaka 1993 kwa kazi hiyo. Penye simu za mezani ilitumika FidoNet: kompyuta moja inaipigia nyingine, zinabadilishana furushi la barua, zinakata. Mtandao mzima uliitwa HealthNet. Hata asiyekuwa na kivinjari alituma anwani ya ukurasa wa intaneti kwenye huduma iliyoitwa GetWeb, na maandishi ya ukurasa huo yakamrudia kwa barua pepe.

Hapakuwa na nembo wala picha. Kila herufi ilikuwa na gharama, basi mwandishi alilazimika kujua anachotaka kusema kabla hajaandika. Barua zile zilisomwa. Siamini kwamba wasomaji wa siku zile walikuwa na bidii kuliko wa leo. Zilisomwa kwa sababu habari ilikuwa mstari wa kwanza na mtu aliweza kujibu.

Sasa tetesi, ambalo kwangu ndilo swali zito kuliko yote uliyouliza.

Mwaka 1994 ilianza ProMED, orodha ya barua pepe ya kupashana habari za milipuko. Siri ya nguvu yake ni wahariri. Barua haiendi kwa wasomaji mpaka mtu anayeujua ugonjwa huo aisome, aitafutie uthibitisho, na aiwekee maoni yake chini. Na wahariri hao wamejifunza kutuma jambo ambalo halijathibitishwa bila kulifanya limethibitishwa. Wanalituma kama swali.

Tarehe 10 Februari 2003 daktari mmoja wa Marekani, Stephen Cunnion, aliiandikia ProMED kwamba amesikia, kupitia mtu anayefahamiana na mwalimu wa huko, kuwa Guangzhou kuna maradhi, hospitali zimefungwa na watu wanakufa. Aliuliza tu: kuna mwenye habari? Ikachapishwa hivyo hivyo, kama ombi la taarifa. Ule ulikuwa SARS, ugonjwa mkali wa mapafu unaoletwa na virusi vya korona. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya dunia nzima tarehe 12 Machi. Septemba 2012 Dk. Ali Mohamed Zaki, aliyekuwa Jeddah, aliandika kwenye orodha hiyo hiyo kuhusu virusi vipya vya korona alivyovikuta kwa mgonjwa wa nimonia, vile ambavyo baadaye vikaitwa MERS. Na tarehe 30 Desemba 2019 ikatoka barua juu ya nimonia isiyojulikana chanzo huko Hubei, nayo ikiwa ombi la taarifa.

Angalia umbo lake. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyosema "mlipuko umethibitishwa". Kila moja ilieleza kilichosikika, kimesikika kupitia nani, na kinachotakiwa kujulikana. Kutangaza mlipuko ni kazi ya mamlaka, na kwa Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 nchi ina saa 24 baada ya tathmini kuliarifu Shirika la Afya Duniani juu ya tukio linaloweza kuwa dharura ya kimataifa. Kituo chako hakina mamlaka hayo na kisijipe. Lakini kituo kinaweza kuuliza, na wewe unaweza kuwauliza wengine: "Kuna kituo kimeripoti watoto wenye homa na kutokwa damu puani. Sampuli zimechukuliwa, majibu bado. Je, kwenu kuna mwenye dalili hizi? Jibu kabla ya saa kumi leo." Ukikalia tetesi mpaka maabara ijibu, vituo vinavyokuzunguka vinapokea wagonjwa bila kinga mikononi. Ukiitangaza kama habari kamili, watu wanakimbia, na ikija kuwa si kweli, barua yako inayofuata haiaminiwi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutafuta, mwanangu, ni mhariri. Tarakilishi mpya inaweza kusubiri.

Fundi_Seva alijibu:

Shikamoo Mzee, na wengine habari zenu. Mimi naongezea ya ufundi, kwa sababu naona watu wengi wanalaumu mtandao kwa jambo ambalo limeanzia kwa mtumaji.

Kiambatisho hakisafiri kama kilivyo. Barua pepe iliundwa kubeba maandishi, kwa hiyo faili hugeuzwa kwanza kuwa herufi: kila baiti 3 zinakuwa herufi 4. PDF ya megabaiti 3 inasafiri ikiwa na megabaiti 4 na zaidi kidogo. Maneno yale yale, tuseme maneno 400, yakiandikwa ndani ya barua bila mapambo ni kama kilobaiti 3. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara elfu moja, na anayeilipia ni Dada Muuguzi kwa bando lake. Kama ni lazima kuwe na PDF kwa ajili ya kumbukumbu, iweke kwenye tovuti yenu na uandike anwani yake mwisho kabisa wa barua. Mwenye mtandao mzuri ataifuata.

Ukiandika, chagua maandishi matupu, usitumie jedwali. Jedwali likifika kwenye kioo cha simu safu zinapandana, na dozi ya mtoto wa miezi minne inajikuta mbele ya umri wa miaka mitano. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Andika kila umri na dozi yake kwenye mstari wake.

Barua kuishia kwenye barua taka kuna sababu zake pia. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamebana masharti: kikoa cha mtumaji, yaani jina linalofuata alama ya @, kiwe kimethibitishwa kwa SPF au DKIM (njia za kuonyesha kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa hicho), na wanaotuma kwa wingi wawe na zote mbili, pamoja na DMARC (maelekezo ya nini kifanywe kwa barua isiyothibitishwa) na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Mwambie anayesimamia kikoa chenu akague hizo tatu. Ukituma kutoka anwani ya bure ya mtu binafsi kwenda kwa mamia ya watu kwa mkupuo, usishangae ikizuiwa.

Usipange anwani zote kwenye sehemu ya "Kwa". Mtu mmoja akibonyeza "jibu wote", vituo vyote vinajazwa na "asante, imepokelewa", na hapo ndipo watu wanapoanza kuzipuuza barua zako. Tumia programu ya kuendesha orodha. GNU Mailman ni ya bure na ina uwezo wa kuzuia barua mpaka mhariri aipitishe, kama anavyoeleza Mzee. Pia inakuonyesha anwani zinazorudisha barua. Hizo ndizo za kupigia simu kwanza, kwa sababu ni vituo ambavyo hakika havipati kitu.

Kuhusu kujua nani amesoma: vile vijipicha vya siri vya kufuatilia havifai hapa. Simu nyingi huzuia picha, na kwa maandishi matupu havipo kabisa. Omba jibu la neno moja. NIMEPATA. Basi.

Na jambo moja nalisema kwa msisitizo: jina la mgonjwa lisiingie kwenye barua inayokwenda kwa wengi. Umri, jinsia, eneo kwa ujumla na tarehe dalili zilipoanza vinatosha. Kijiji kikiwa kidogo, hata umri na kijiji vinamtaja mtu, basi taja kata au tarafa. Orodha kamili ya wagonjwa iende kwenye mfumo wa takwimu wenye ruhusa za kuingia.

Mwalimu_wa_Wahudumu alijibu:

Naomba nitofautiane nanyi kidogo, kwa heshima zote.

Mnazungumza kana kwamba safari ya habari inaishia kwa muuguzi. Mimi nafundisha wahudumu wa afya ya jamii. Wengi wao wana simu za vitufe. Hawana barua pepe, na hawataipata kesho. Lakini wao ndio wanaoingia kwenye nyumba ambamo mtoto ameanza kuhara usiku. Barua nzuri kabisa, yenye mhariri na DKIM, ikisimama kituoni, kwa mtoto yule ni sawa na kutokuwepo.

Kwa hiyo siungi mkono WhatsApp peke yake, wala siungi mkono barua pepe peke yake. Ninachoomba ni kitu kidogo: ndani ya kila tahadhari weka aya moja yenye kichwa SOMA KWA SAUTI. Iwe ya sentensi nne au tano, Kiswahili cha nyumbani, bila kifupisho hata kimoja, ili mfawidhi aisome kama ilivyo kwenye kikao cha wahudumu, na redio ya jamii ikiomba, apewe hiyo hiyo. Msimwachie mfawidhi atafsiri lugha ya kitaalamu papo kwa papo. Kila mmoja atatafsiri kwake, na mwishoni kijiji hiki kinaambiwa wachemshe maji, kile kinaambiwa wasinywe kabisa.

Na wenye simu za vitufe wapelekewe SMS. Herufi 160 zinatosha kusema ugonjwa, dalili moja kuu, na nani wa kupigiwa. Barua ibaki kuwa chimbuko, SMS iwe kengele ya kumwambia mtu kuna barua.

Ndugu Mratibu, ungetuwekea hapa rasimu tuione. Tutakusaidia zaidi kwa kuirekebisha kuliko kwa nasaha.

Mratibu_Ufuatiliaji alijibu:

Wakuu, mmenifungua macho. Mwalimu, hoja yako imenigusa na nimeifuata. Rasimu hii hapa. Nimechukua mfano wa kipindupindu kikiwa kimetangazwa eneo la jirani, kwetu bado.

*Kichwa:* KIPINDUPINDU JIRANI: mwenye kuhara majimaji na kuishiwa maji sana, tibu sasa na upige simu leo. Tahadhari ya 14

*Barua:*

Eneo la jirani limetangaza mlipuko wa kipindupindu. Kwetu hakuna aliyethibitishwa. Barua hii inachukua nafasi ya Tahadhari ya 11. Ile ya zamani iondoeni ukutani.

MSHUKIWA ni mtu wa miaka 2 na kuendelea anayehara majimaji kwa ghafla na kuishiwa maji sana, au aliyefariki kwa kuhara majimaji kwa ghafla.

UKIMPATA: anza kumrudishia maji bila kusubiri maabara. Aliyeishiwa maji sana apewe dripu ya Ringer's lactate kwa mshipa, mililita 100 kwa kila kilo ya uzito. Anayeweza kunywa apewe ORS. Mtoto apewe zinki mg 20 kwa siku 10 hadi 14. Chukua sampuli ya kinyesi, kisha piga simu kwa mratibu siku hiyo hiyo.

SOMA KWA SAUTI: Ugonjwa wa kuhara umeingia kwa jirani zetu. Unapita kwenye maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Maji ya kunywa yatiwe dawa au yachemshwe. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kushika chakula. Mtu akianza kuhara maji mengi, mpe ORS anywe njia nzima mkimleta kituoni, na mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Jibu NIMEPATA na jina la kituo.

Muuguzi_wa_Zamu alijibu:

Kaka, hii naisoma nikiwa nimesimama. Lakini ngoja nikuonyeshe mahali ambapo usiku nitakwama.

Mililita 100 kwa kilo nimeelewa, ila kwa muda gani? Hapo ndipo mgonjwa anapopotea. Andika hivi, kila umri kivyake:

Mwaka 1 na kuendelea: mililita 30 kwa kilo ndani ya dakika 30, kisha mililita 70 kwa kilo ndani ya saa 2 na nusu.

Chini ya mwaka 1: mililita 30 kwa kilo ndani ya saa 1, kisha mililita 70 kwa kilo ndani ya saa 5.

Zinki nayo umeandika dozi moja kwa watoto wote. Chini ya miezi 6 ni miligramu 10, kuanzia miezi 6 ni miligramu 20. Na andika neno "miligramu" kamili. Kifupisho kikinakiliwa kwa mkono kwenye daftari la zamu, herufi moja ikibadilika dozi imebadilika.

Kingine, Ringer's lactate ikiisha? Iko siku inaisha. Sema wazi kwamba yatumike maji ya chumvi ya dripu ya kawaida, ORS ianze mara mgonjwa anapoweza kunywa, na kwamba maji ya glukosi peke yake hayafai. Usiponiambia, mtu wa zamu atatundika chupa yoyote atakayoikuta kabatini, na atakuwa ameifanya kwa nia njema.

Na wewe unasema "piga simu kwa mratibu". Namba iko wapi? Iandike kwenye mstari wa pili, siyo mwisho.

Sehemu ya kusoma kwa sauti usiiguse. Jana nimewasomea wahudumu wetu wawili waliokuwa wamekuja kuchukua vidonge vya kutibu maji, wameniuliza swali moja tu la maana: wakikuta anayehara hawezi kutembea, wambebe vipi bila kujichafua? Ongeza sentensi moja: anayemhudumia mgonjwa anawe mikono kwa sabuni kila anapomaliza kumshika, na kinyesi na matapishi vitupwe chooni, siyo karibu na kisima wala mtoni.

Mratibu_Ufuatiliaji alijibu:

Dada, nimeingiza yote kama ulivyoandika. Mganga anayesimamia tiba kitengoni kwetu ameipitia mstari kwa mstari na ameikubali, na amekubali pia kuwa mhariri wa kila tahadhari inayotaja dozi. Fundi, mtu wa kikoa amekagua: SPF ilikuwepo, DKIM haikuwepo, analishughulikia. Hoja ya kufunga barua pepe imewekwa kando kwanza, tutaendesha barua pepe na SMS pamoja kama alivyoshauri Mwalimu.

Nimebakiwa na moja. Tahadhari inaanza, haina mwisho. Ya 11 niliikuta bado ukutani kwenye vituo, na ugonjwa wenyewe ulishapita. Inafungwaje?

Mzee_wa_Modemu alijibu:

Inafungwa kwa barua, mwanangu, na hiyo ndiyo barua ambayo ofisi nyingi hazitumi.

Kichwa kiwe kile kile, neno IMEFUNGWA likitangulia, ili kwenye simu zikae pamoja, ya mwanzo na ya mwisho. Mstari wa kwanza useme karatasi ipi iondolewe na kipi kinaendelea kama kawaida. Kwa kipindupindu usifunge kwa kuwa simu zimeacha kulia. Kipimo kinachotumika ni wiki 4 mfululizo ambazo kila mshukiwa aliyepimwa hakukutwa nacho. Wasipopimwa, huwezi kuhesabu. Kwa hiyo wakati tahadhari iko hai, kila wiki waulize vituo wamepima wangapi, hata kama jibu ni sifuri. Sifuri iliyoandikwa si sawa na ukimya wa kituo kisichoandika chochote, na mara nyingi ni hicho kilichonyamaza kinachohitaji gari liende.

Halafu waambie kilichopatikana. Kituo kilichotuma sampuli kipewe majibu yake kwa jina la kituo, hata kama ilikuwa kuhara kwa kawaida. Na kama kituo fulani kilipiga simu mapema, kiandike kwenye barua hiyo ya kufunga ili wenzake wasome. Safari ijayo watapiga simu mapema zaidi.